Ncha ya Ukili

Wanangu,

Mlipokuja kwangu Idi mosi na ile kompyuta, mkaifungua mezani kabla pilau haijapakuliwa, nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Hesabu yenu ilikuwa imenyooka. Njia ya Appalachian ina karibu maili 2,200, yaani zaidi ya kilomita 3,500, kutoka mlima Springer kule Georgia hadi mlima Katahdin kule Maine, majimbo 14. Mtatembea maili 20 Jumamosi na 20 Jumapili, wikendi 55, na safari imekwisha. Niliwaambia tule kwanza. Nilitaka nafasi ya kufikiri, kwa sababu jambo hili nimekaa nalo miaka 14 na sikupenda kuwajibu juu juu. Jibu langu ni barua hii.

Nendeni. Nalitanguliza neno hilo ili msisome yanayofuata mkadhani shangazi anatafuta namna ya kuwazuia. Nilikuwa na miaka 51 nilipoanza, na sikuwa hata na viatu vya kazi hiyo. Nilikuwa nikiendesha gari katika barabara kuu ya 70 kwenda zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na kila nilipovuka South Mountain niliona daraja jembamba limekatiza juu ya magari, limeandikwa jina la njia hii. Jioni moja, jua likielekea kutua, nikaona watu watatu wanalivuka na mizigo mgongoni, mmoja wao mwanamke wa rika langu. Miaka yote ile nilikuwa nikipita chini ya njia ya kwenda Maine, nami sijui. Jumamosi iliyofuata nikaenda kutafuta pa kupandia.

Sasa turudi kwenye hesabu yenu. Mmehesabu kutembea. Hamkuhesabu kurudi.

Anayeitembea njia hii kwa mkupuo mmoja, anayeondoka Georgia majira ya kuchipua na kufika Maine kabla ya theluji, akichoka analala palepale alipochokea. Asubuhi anaamka yuko njiani. Mtu wa wikendi hana nafasi hiyo. Jumapili jioni sharti awe kwake, nguo za kazi ziwe tayari, mtoto awe ameoga kwa ajili ya shule. Kwa hiyo kila kipande anachokitembea kina ncha mbili zinazogusa lami: pale gari lilipomshusha na pale gari litakapomchukua. Ndiyo maana nawaambia msihesabu maili kwanza. Tandazeni ramani, viacheni vilele, mtafute mahali njia inapokata barabara, penye nafasi ya kuegesha gari. Hapo ndipo pa kuishia. Mkishapata pa kuishia, pa kuanzia patajitokeza penyewe.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa akisuka ukili. Ninyi mmeiona mikeka, lakini sidhani kama mmewahi kuuona ukili wenyewe ukisukwa. Hakuwa na siku ya kusuka. Alisuka alasiri, baada ya shamba na kabla ya chungu cha jioni, miguu ameinyoosha barazani, ukindu uliotiwa rangi umelowekwa kidogo ili usikatike. Akiitwa, hakuutupa ukili na kuinuka. Aliisogeza mistari miwili zaidi, akaibana ncha, akaifunga kwa ukindu mmoja, ndipo akainuka. Msiba ukiingia, mgeni akija, ukili ulikaa siku nne umeviringishwa ukutani. Aliporudi alifungua lile fundo na vidole vikaendelea kana kwamba aliinuka kunywa maji. Mikono yake haikuhitaji kutafuta ilipoachia. Baada ya miezi, mzingo ukishakuwa mkubwa, aliukata vipande akavishona, na mkeka ukatandikwa. Hakuna aliyewahi kuuliza mkeka ule ulisukwa kwa siku ngapi.

Niliyoyaona pale barazani ndiyo yaliyonifikisha nilipo. Ukili hauharibikii mikononi mwa msukaji. Huharibikia pale anapouweka chini.

Najua kuna wenzenu wanaowaambia kwamba kutembea kwa vipande ni kutembea nusu, kwamba msafiri wa kweli ni yule anayeacha kazi na kupotea msituni miezi sita. Waambieni wakasome habari za Myron Avery. Huyu alikuwa mwanasheria, mzaliwa wa Maine, akifanya kazi serikalini hapa Washington. Mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya Potomac Appalachian Trail Club, ambayo hadi leo inatunza takriban maili 240 za njia hii, kutoka Pine Grove Furnace huko Pennsylvania mpaka Rockfish Gap huko Virginia. Wazo la njia lilikuwa la Benton MacKaye, aliyeliandika mwaka 1921, lakini waliolitia miguu ni watu wa aina ya Avery: wenye ajira, wenye Jumamosi na Jumapili tu, wakiwa na mashoka na makopo ya rangi. Avery alikuwa akisukuma gurudumu la kupimia mbele yake. Mwaka 1936 akawa mtu wa kwanza kuwa ameitembea njia yote, na aliitembea kipande kwa kipande, mwaka mmoja kabla njia yenyewe haijaunganishwa mwisho wake na mwisho mwingine. Aliyeitembea kwa mkupuo kwa mara ya kwanza inayofahamika, Earl Shaffer, alikuja mwaka 1948, miaka 12 baadaye. Kwa hiyo kipande kwa kipande ndiyo desturi ya kale ya njia hii.

Na Emma Gatewood je? Huyu alizaa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, aliitembea njia nzima akiwa amevaa raba za kawaida na amebeba mfuko aliojishonea mwenyewe. Akairudia mwaka 1957. Mara ya tatu, aliyoikamilisha mwaka 1964, aliitembea kwa vipande. Shirika linalosimamia njia, ambalo makao yake yako Harpers Ferry, huwatambua waliomaliza kwa namna zote mbili katika orodha moja, kwa heshima ileile, hata kama mtu alitumia miaka 30. Na kati ya wanaoianza kwa mkupuo mmoja, takriban mmoja kwa wanne ndiye anayefika.

Basi, mpango. Nitawaambia kama ningewapangia watoto wangu wa kuzaa.

Maine na Georgia haziendeki kwa wikendi kutoka hapa Silver Spring. Mtatumia Jumamosi nzima barabarani, na mtu aliyeendesha gari kutwa hapaswi kupanda mlima kesho yake kisha aendeshe tena usiku kucha kuwahi kazini. Ziwekeni kwa likizo za miaka ijayo. Zile maili 240 za klabu ya hapa, karibu zote ziko ndani ya saa mbili tatu za gari. Mkitembea siku moja tu ya wikendi, maili 10 kwa siku, mara mbili kwa mwezi, ni mwaka mmoja. Maili 10, si 20. Njia hii ina mawe, na anayebeba maji na chakula, anayesimama kula na kusali, huenda maili 2 kwa saa, wala asione haya. Pennsylvania mawe yamesimama ukingoni kama vigae vya chungu kilichovunjika. Huko hata maili 2 kwa saa ni kujipendelea.

Anzeni na Maryland. Ni maili 41 tu, kutoka mto Potomac pale Harpers Ferry hadi Pen Mar kwenye mpaka wa Pennsylvania, na njia karibu yote inapita juu ya mgongo wa South Mountain, kwa hiyo mkishapanda mara moja hamshuki sana. Barabara zinaikata kwa utaratibu mzuri. Kutoka Harpers Ferry mtavuka mto kwa daraja la reli, mtafuata kando ya mfereji wa zamani maili 3 hivi, tambarare kama kiganja, halafu mtapanda Weverton kwa kona baada ya kona mpaka muuone Potomac chini yenu, na mtaishia Gathland, penye tao la mawe la waandishi wa habari za vita lililojengwa mwaka 1896. Kutoka Gathland hadi Turners Gap ni maili 7 na kidogo. Turners Gap hadi barabara ya 40 ni kama 5, na hapo mtavuka lile daraja langu juu ya barabara kuu. Kutoka barabara ya 40 mtapita Annapolis Rocks, mahali ambapo kila mtu wa Frederick na Hagerstown anataka kupigia picha, na maegesho yake Jumamosi hujaa mapema sana. Kwa hiyo fikeni alfajiri, au kitembeeni kipande kile kinyume, kutoka kaskazini. Kutembea kinyume hakuvunji kitu. Kinachotakiwa ni ncha ikutane na ncha.

Mtu mwenye gari moja hana budi kwenda na kurudi kwa njia ileile. Mimi miaka miwili ya mwanzo nilifanya hivyo, kila maili nikaitembea mara mbili, na sijutii, kwa sababu mlima ukiurudia upande wa pili ni mlima mwingine. Ninyi mna magari mawili. Kwanza nendeni nyote mpaka mwisho, mwache gari moja pale, mrudi nyote kwa gari la pili hadi mwanzo. Msifanye kinyume. Na ufunguo wa gari lililoachwa mwisho uvaliwe shingoni kwa kamba, ndani ya nguo.

Kamba hiyo nimeivaa tangu Novemba moja ambayo siwezi kuisahau. Tulikuwa wawili, mimi na jirani yangu, Jumapili, kutoka Gathland hadi barabara ya 40. Tulifika kwenye gari langu giza likiwa limeshaingia, mvua nyembamba inanyesha, nami nikapeleka mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa kwenye koti langu zito, na koti lilikuwa kwenye gari la jirani, Gathland, maili 12 nyuma yetu. Simu yangu ilikuwa imezima, na ya mwenzangu haikushika mtandao pale bondeni. Tulisimama kando ya barabara tukitetemeka mpaka mzee mmoja na mkewe walipotusimamia. Mimi zamu yangu ilianza saa moja usiku. Niliingia saa nne. Yule niliyetakiwa kumpokea alikuwa kazini tangu saa moja asubuhi, na mtoto wake mdogo alikuwa amelala kwenye kochi la jirani yake akimngoja. Hakunisema. Alivaa koti lake, akanipa kitabu cha taarifa za wagonjwa, akaondoka. Nilimwomba radhi siku ile na nikamwomba tena baadaye, lakini saa tatu zile sikuweza kumrudishia. Ndiyo maana nasisitiza kurudi. Anayechelewa kurudi kutoka mlimani hajicheleweshi mwenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, mwachieni mtu wa nyumbani karatasi. Iandikwe barabara mtakayoanzia, barabara mtakayoishia, namba za magari, na saa ambayo akiwa hajasikia sauti zenu aanze kuuliza. Karatasi, kwa mkono wenu, ibandikwe kwenye friji. Ujumbe wa simu hupotea katikati ya salamu za kikundi.

Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji iliijua kanuni hii kabla yetu. Ile njia ilikuwa kama kilomita 1,200, na wapagazi walibeba pembe na shanga kambi kwa kambi. Kirangozi, kiongozi wa msafara, hakuinua bendera asubuhi bila kujua maji ya jioni yako wapi. Urefu wa mwendo wa siku uliamuliwa na kisima kilichoko mbele, na nguvu za miguu zilikuja baadaye. Kisima chenu ni maegesho ya gari.

Lipo kosa lingine ambalo si la hatari lakini lilinisumbua zaidi. Siku moja mvua ilinifukuza, nikaishia Turners Gap. Mara iliyofuata nikaenda kuegesha pale kwenye mnara wa Washington, kwa sababu pana nafasi nzuri na vyoo, nikaanzia hapo. Katikati palibaki pengo, halifiki maili 2. Nikasema nitalirudia. Nilifika Pen Mar, nikatembea kipande kizima cha mbuga ya Shenandoah, maili 101, na pengo lile liko palepale. Nani ataendesha gari saa nzima kwenda kutembea dakika 50? Shirika haliulizi ushahidi. Likiambiwa umeitembea njia yote, linakuamini. Ushahidi uko kwako. Nilipoifungua ramani, niliyokuwa nikiipaka wino mwekundu kila nirudipo, jicho langu halikwenda kwenye wino. Lilikwenda kwenye ule weupe mdogo, kama jino lililong'oka. Miaka 2 ikapita ndipo nikaenda kuliziba, nikalia njiani, peke yangu. Msiruke kitu. Mkikatishwa na mvua au na goti la mwenzenu, shukeni kwenye barabara iliyo karibu, muandike daftarini palepale, kabla hamjawasha gari: tumeishia mti gani, jiwe gani, alama nyeupe ipi. Alama za njia ni mistari myeupe iliyopakwa kwenye miti, inchi 2 kwa 6, na mbili zikipakwa moja juu ya nyingine maana yake fungua macho, pana kona. Za buluu zinakupeleka kwenye maji au kwenye mandhari, wala si njia yenyewe.

Na mkiwa pale kwenye mnara, kaeni. Ni mnara wa mawe, wenye umbo la chupa, uliojengwa na watu wa Boonsboro mwaka 1827 kumheshimu George Washington. Walipanda mlimani kuujenga siku ya uhuru wa nchi yao, tarehe 4 Julai. Mwaka huohuo, miezi michache baadaye, katika kaunti ileile, kijana mhunzi mtumwa aitwaye James Pennington alitoroka kwa bwana wake. Alikuwa na mkate kidogo. Aliifuata nyota ya kaskazini, mawingu yakaifunika, na kulipokucha akajikuta katika barabara ya kwenda Baltimore, upande usio wake. Akakamatwa njiani, akaponyoka tena, akafika Pennsylvania. Baadaye akawa mchungaji, na ndiye aliyemfungisha ndoa Frederick Douglass mwaka 1838. Mpaka ule wa Pennsylvania ambao ninyi mtauvuka pale Pen Mar mkitafuta choo na mashine ya soda, kuna watu waliutafuta usiku, bila viatu, bila ramani, mbwa wakiwa nyuma yao. Mtembee mkilijua hilo. Halitawazuia kufurahi. Litawafanya msilalamike malengelenge.

Harpers Ferry nayo si kituo cha kuegesha gari tu. Hapo ndipo John Brown na wenzake walipovamia ghala la silaha Oktoba 1859 wakitaka kuanzisha vita vya kuwakomboa watumwa. Na hapo Agosti 1906, W. E. B. Du Bois na wenzake wa Niagara Movement walikutana katika chuo cha Storer, kilichowasomesha watu walioachwa huru, na alfajiri moja wakavua viatu na soksi, wakatembea pekupeku hadi kwenye jengo dogo la matofali ambamo Brown alijihami, kwa sababu waliiona ardhi ile kuwa ni takatifu. Nawaambia ninyi watoto wa Kiafrika mnaoulizwa na watu msituni mmetoka wapi: mna haki ya kuwa pale, na haki hiyo ililipiwa zamani. Wasalimieni watu kwa uchangamfu, kama tulivyowafundisha. Tembeeni wengi. Mahali ambapo moyo unakataa, msibaki kwa ajili ya kumwonyesha mtu kitu.

Mambo ya viatu na mikoba mtayaona madukani, na wauzaji watawaeleza kuliko mnavyotaka. Mimi nitasema matatu tu. Msivae pamba mwilini siku za baridi. Ikilowa haikauki, na baridi ya mlimani huua hata kabla theluji haijaanguka. Mkirudi, kabla ya kulala, mvue nguo zote mkague mwili mzima, kwapani, nyuma ya goti, ndani ya nywele, maana kupe wa paa wa huku ni wadogo kama mbegu ya ufuta na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme; akitolewa mapema, kwa kawaida hajawahi kuuingiza. Na kuanzia vuli hadi Januari vaeni kitu cha rangi ya chungwa kali, kwa ajili ya wawindaji.

Jua pia mlihesabu. Juni linatua saa mbili na nusu usiku, mna siku ndefu ya kuchezea. Desemba linatua saa kumi na moja kasorobo, na ndani ya msitu giza hutangulia. Siku za baridi mwendo wa maili 10 usianze baada ya saa mbili asubuhi. Adhuhuri na alasiri zitawakuta njiani. Kibla kwa huku ni kaskazini mashariki, na mgongo wa South Mountain unaelekea kaskazini, kwa hiyo mkitembea kwenda Pen Mar kibla iko mbele yenu, upande wa kulia kidogo. Mimi hutandika khanga juu ya majani makavu. Sijui msikiti uliotulia kuliko ule.

Kisha yako yale ambayo ramani haiyaonyeshi. Jumamosi zetu huku ughaibuni ndizo siku za kuzikana, kuozana na kuchangishana. Wiki nzima watu wako kazini. Anayefiwa na mama yake Tanga au Kigoma, tunamkalia Jumamosi. Nisingependa kusikia kwamba mtoto wa ndugu yangu alikuwa mlimani wakati mwenzake anaangua kilio. Chagueni Jumamosi mbili kwa mwezi, watangazieni watu mapema, mziheshimu kama mnavyoiheshimu zamu ya kazi. Lakini msiba ukiingia, fungeni ncha, muuviringishe ukili muuweke ukutani. Njia ile imekuwapo tangu 1937, na watu wa kujitolea huja kila mwaka na misumeno kuondoa miti iliyoanguka. Itakuwapo mwezi ujao.

Mimi mpaka leo nimetembea maili 412. Magoti yangu hayatanifikisha Maine, nalijua, na daktari naye amelisema. Sina huzuni. Zile 412 hazina pengo hata moja, kutoka Pennsylvania mpaka Virginia, na ramani yake nitawapa, pamoja na daftari, ili mjue kila maegesho na kila kisima.

Jumamosi ya pili ya Aprili nitakuwa Gathland saa moja asubuhi, na chapati za mayai, tende na chupa ya chai ya tangawizi. Msiende moja kwa moja Harpers Ferry. Njooni kwanza Gathland na magari yote mawili, maana ndipo tutakapoishia.